Ushauri: Mkusanyiko upi wa nyimbo za Phil Spector ninunue, na je, mono au stirio?

Fundi_Kwaya

Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi mitambo, kazi yangu kubwa ni kurekodi kwaya. Siku hizi nimezama kwenye nyimbo za Marekani za miaka ya 1960 alizotengeneza prodyuza Phil Spector, ule mtindo wake uliokuja kuitwa "ukuta wa sauti". Kinachonivuta ni jinsi wapigaji wengi walivyojazana chumba kimoja, wakapiga kwa pamoja, na bado mwimbaji anasimama mbele yao wote. Kwaya kubwa hunitoa jasho kwa jambo hilo hilo.

Sasa shida yangu. Mtandaoni wimbo mmoja una sura nyingi. "Be My Baby" ya The Ronettes ya 1963, kwa mfano: kuna toleo ambalo ngoma ya mwanzo inagonga hadi kifuani, kuna lingine ambalo limekuwa jembamba, kuna ambalo ala zimekaa sikio moja na waimbaji sikio jingine, na kuna moja ambalo sauti ya mwimbaji imekomaa kabisa na ngoma si zile. Yote yameandikwa kuwa yamesafishwa upya!

Shemeji yangu anakuja likizo Desemba kutoka Houston, na ameniambia nichague kitu kimoja aniletee. Nimeona kasha la "Back to Mono" la 1991, kasha la diski 7 la 2011, na diski moja moja za kila kundi. Nichukue lipi? Na je, mono (sauti ile ile moja kwa spika zote) si kurudi nyuma kuliko stirio (kushoto na kulia tofauti), wakati nina spika mbili nzuri?

Mpenda_Santuri

Mkuu, chukua mono bila kusita, na nitakueleza kwa nini maana swali lako la mwisho ndilo lenye uzito.

Spector alirekodi nyimbo hizi karibu zote Gold Star, studio iliyokuwa Hollywood, na fundi wake mkuu alikuwa Larry Levine. Chumba hakikuwa kikubwa. Humo aliingiza wapiga gitaa kadhaa, piano zaidi ya moja, besi zaidi ya moja, watu wa kutikisa kayamba, na Hal Blaine kwenye ngoma. Mpangaji wa muziki mara nyingi alikuwa Jack Nitzsche. Wote wanapiga pamoja, tena na tena, na kila maiki inakusanya sauti ya jirani yake.

Levine aliwahi kusimulia kilichotokea 1962 walipokuwa wanarekodi "Zip-a-Dee-Doo-Dah". Spector aliendelea kudai sauti iongezwe hadi mishale ya mita ikagota kwenye nyekundu. Levine akaona haiwezekani kurekodi hivyo, akazima maiki zote. Spector akafoka. Levine akaanza kuzipandisha moja baada ya nyingine, na kabla hajafika kwenye maiki ya mpiga gitaa Billy Strange, Spector akamwambia asimame hapo hapo, arekodi. Ukiisikiliza solo ya gitaa humo ndani, unasikia gitaa ambalo maiki yake imezimwa! Sauti yake imeingia kwa kuvuja kwenye maiki za wenzake.

Sasa mtu atakutenganishiaje hiyo kuwa kushoto na kulia? Mchanganyo ulifanyika pale pale wakati watu wanapiga, na mwangwi ukiwemo. Ule mwangwi haukuongezwa baadaye na mashine. Gold Star walikuwa na vyumba vya saruji, sauti inapigwa humo kwa spika, maiki inaipokea na kuirudisha kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Stirio zilizopo za nyimbo hizi zinaupasua huo ukuta katikati, ndiyo maana unasikia waimbaji huku na ala kule. Spector mwenyewe hakuzitaka. Jina la lile kasha la 1991 linakwambia msimamo wake, na ndani yake waliweka hadi beji yenye maneno hayo.

Spika zako mbili hazipotezi kitu. Ukikaa katikati yake, mono inasimama mbele yako na kina chake chote.

Mzee_wa_Kanda

Nakubaliana na mwenzangu hapo juu. Mimi niongezee kuhusu lile toleo ambalo mwimbaji amekomaa. Hiyo si kazi ya Spector kabisa, kijana wangu. Waimbaji wengi wa enzi hizo walirudia nyimbo zao miaka mingi baadaye kwa lebo nyingine, kwa sababu rekodi za kwanza hazikuwa mali yao. Mikusanyiko ya bei ya kutupa imejaa hizo. Angalia maandishi madogo nyuma ya kasha: rekodi halisi itataja Philles, lebo ya Spector, na miaka ya 1960. Ikiwa haimtaji mwenye rekodi, au mwaka ni wa karibuni tu, iache dukani.

Kuhusu makasha. "Back to Mono" ina diski 4. Tatu za kwanza zinakwenda kwa mpangilio wa miaka, kuanzia The Teddy Bears 1958, na ya nne ni albamu yake ya Krismasi ya 1963. Ndani wamo The Crystals, The Ronettes, Darlene Love, The Righteous Brothers, na Ike & Tina Turner. Hilo la 2011 lina albamu sita za Philles kama zilivyotoka, pamoja na diski ya saba ya nyimbo za upande wa pili wa santuri. Tatizo lake ni kwamba albamu zile zilitengenezwa kwa haraka ili kuuza nyimbo zilizokwisha kuvuma, kwa hiyo wimbo mmoja utakutana nao zaidi ya mara moja. Na "River Deep – Mountain High" ya 1966 haimo humo. Kwa fundi wa kwaya, kumkosa Tina Turner akipambana na ukuta ule mzima ni hasara. Wimbo ule Marekani uliishia nafasi ya 88, Uingereza ukafika ya 3.

Binti_wa_Pwani

Samahani, mimi nataka kuuliza jambo ambalo hamjaligusa. Huyu Spector alimuua mwanamke, Lana Clarkson, nyumbani kwake mwaka 2003. Alihukumiwa 2009 na akafa akiwa mfungwa Januari 2021. Na Ronnie wa The Ronettes aliyekuwa mke wake alieleza alivyofungiwa ndani ya nyumba. Kaka, unapokwenda kununua kasha lenye jina lake kubwa juu, unaliwazaje hilo? Siulizi kwa ubaya. Nazipenda sauti za wale dada kuliko ninavyoweza kueleza, ndiyo maana linanikwaza.

Mpenda_Santuri

Dada, swali la haki kabisa. Mimi nasema jina lake lisifunike la wengine. "He's a Rebel" ya 1962 ilitoka kwa jina la The Crystals, lakini aliyeimba ni Darlene Love, na The Crystals hawakuwemo hata studio. Jina lake halikuandikwa.

Na The Ronettes walilipwa malipo ya awali ya kama dola 15,000 kwa kundi zima, basi. Walimshitaki Spector, kesi ikafika Mahakama ya Rufani ya New York, na 2002 ikaamuliwa kwamba mkataba wa 1963 ulimpa yeye rekodi zile, hata haki ya kuzitumia kwenye filamu, ila wao wanastahili mrabaha wa mauzo. Kwa hiyo ukitaka kuwaenzi wao, nunua diski mpya yenye jina lao. Lebo ya Legacy walitoa 2011 mkusanyiko wa The Ronettes peke yao, mwingine wa The Crystals, na mwingine wa Darlene Love, zote kutoka masta (kanda za rekodi za asili) zile zile. Kasha la mtumba halimpi msanii senti.

Fundi_Kwaya

Nawashukuru sana. Dada Binti_wa_Pwani, umenigusa. Nilikuwa nasikiliza mitambo tu. Swali la kiufundi kidogo: nitajuaje kama faili ninayosikiliza ni mono halisi, na kama waliosafisha hawakuibana sauti kupita kiasi?

Sikio_Kali

Hilo ni langu. Ifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Tenganisha kushoto na kulia, geuza fezi ya upande mmoja (wimbi liwe juu chini), kisha ziunganishe. Mono halisi itakufa, utapata ukimya. Kikibaki chochote kinachosikika vizuri, kama waimbaji au mwangwi, hiyo ni stirio. Ukibaki mchakacho hafifu tu, huenda ni kwa sababu faili ya mtandaoni ilipunguzwa ukubwa, kwa hiyo fanya jaribio kwa faili iliyotoka kwenye sidii. Na usidanganywe na kile kitufe cha mono kwenye simu: kinaunganisha stirio, hakikurudishii mchanganyo ambao Levine aliufanya mezani.

Kuhusu kubanwa kwa sauti, angalia umbo la wimbi. Sehemu ile ya mwanzo ya "Be My Baby", ngoma kubwa mara tatu halafu pigo moja la ngoma ndogo lenye mwangwi, ichunguze. Pale kila pigo lapaswa kuchomoza na kuacha uwazi kabla ya linalofuata. Ukikuta vichwa vimekatwa sawasawa kama ua lililofyekwa, mtu ameipandisha ili isikike kubwa kuliko nyimbo nyingine. Nikilinganisha kwa masikio yangu, la 1991 lina sauti ya chini kidogo na hewa zaidi, la 2011 limechangamka na besi inasikika vizuri zaidi. Yote mawili ni ya heshima.

Ila natofautiana kidogo na Mzee. Ile diski ya saba ina faida kwako. Spector aliweka upande wa pili vipande vya ala tupu ili watangazaji wa redio wasigeuze santuri. Nyuma ya "Be My Baby" kuna kimoja kinaitwa "Tedesco and Pitman", majina ya wapiga gitaa wawili wa studio. Unasikia watu wale wale bila ukuta juu yao, na ukirudi kwenye wimbo wenyewe unaelewa mwangwi umefanya nini.

Mzee_wa_Kanda

Hapo umenishinda, kijana, hilo sikulifikiria.

Fundi_Kwaya

Basi nimeamua. Shemeji aniletee "Back to Mono", na mimi nitanunua ya The Ronettes mpya kwa malipo yangu, kama mlivyoshauri. Diski ya Krismasi itafika wakati muafaka maana kwaya inaanza mazoezi ya Noeli.

Mpenda_Santuri

Vizuri sana. Mwambie shemeji akipata ya mtumba ahesabu diski ziwe 4, hiyo ya Krismasi huwa inatolewa na kupotelea kwenye redio ya mtu. Apige na picha upande wa chini wa kila diski akutumie kabla hajalipa, mikwaruzo mirefu inayozunguka ndiyo mibaya.

Binti_wa_Pwani

Na ukianza kusikiliza, kaka, anza na Darlene Love kwenye "Christmas (Baby Please Come Home)". Waitikiaji wanavyomjibu nyuma, utapata kitu cha kuwafundisha wanakwaya wako.