Taya la kutengenezwa kwa printa: litamfaa mdogo wangu?

Mama Tuma, Ujiji
Wakuu, naomba msaada. Mdogo wangu ni mvuvi, ana miaka 24. Mwaka juzi alikatwa taya la chini upande wa kushoto. Ule uvimbe unaokua polepole bila maumivu, sisi tukidhani jino bovu. Wakamwekea chuma. Mwezi uliopita kimekatika akitafuna muhogo. Muhogo jamani, si jiwe! Sasa ni uji na mchuzi wa migebuka, na mwaloni Kibirizi hakanyagi, anaona aibu. Mpwa wangu kanionyesha bibi wa Uholanzi, miaka 83, eti kawekewa taya zima la printa. Kweli au uzushi?

Wa Eksirei, Tabora
Kweli, dada. Alipasuliwa 2011. Unga wa titani, chuma chepesi, uliyeyushwa kwa leza, tabaka juu ya tabaka, likatoka taya la gramu 107.

Ila yule alikuwa mzee, asingehimili upasuaji mrefu. Huyu wako kijana. Chuma kikibeba kutafuna kote peke yake, bila mfupa, huchoka kama waya unaokunjwakunjwa, hata kikitoka kwa printa. Ndiyo maana vijana wengi huchukuliwa mfupa mwembamba wa mguuni, pamoja na mishipa yake ya damu, ukaungwa tayani. Printa hapo hutoa taya la plastiki la mfano: kompyuta inageuza upande mzima wa kulia kama kwenye kioo, daktari anakunja chuma juu ya mfano huo kabla ya kuingia theatre. Muda mezani unapungua.

Yote yanaanzia CT skani ya vipande vyembamba, milimita moja au chini. Adai CD yenye faili zote. Watu huniletea filamu imekunjwa, imelowa mvua ya njiani. Hiyo haitengenezi kitu.

Mama Tuma, Ujiji
Wamkate na mguu tena? Atasimamaje mtumbwini?

Wa Eksirei, Tabora
Uzito wa mwili unabebwa na muundi, huo hauguswi. Na ule mwembamba, kipande chake cha chini karibu na kifundo huachwa. Atachechemea kwa muda, basi.

Babu Uvinza
Mama Tuma, majibu ya ile nyama waliyopima mnayo? Uvimbe wa namna hiyo una tabia ya kurudi. Mimi kaka yangu alifika Dar bila karatasi hiyo, tukakaa wiki tatu tunaisubiri kutoka huku.

Mama Tuma, Ujiji
Ngoja niangalie kwenye sanduku la mama.