Mrejesho: kihadithi changu cha maneno 100, kurudia kumefanya kazi

Jamani nimerudi. Mwezi jana niliwauliza nirudieje maneno kwenye kihadithi cha maneno 100 ili msomaji aumie, maana rasimu yangu ilikuwa "alilia, alilia, alilia" na dada yangu hapa Malaba aliisoma akacheka kabisa.

Basi mliponambia nirudie kitendo badala ya kilio nikaona hee, maneno yenyewe 100, nikirudia sentensi si yataisha? Nikajaribu tu. Mama anamsubiri mwanae dereva wa lori. Giza linaingia, mama akafunika matoke kwa jani la mgomba. Lori likanguruma barabarani, si lake, mama akafunika matoke. Jogoo la kwanza, mama akafunika matoke. Halafu polisi wakabisha hodi, wakasema walichosema, wakaondoka, na mama akafunua matoke akaanza kula peke yake.

Sikuandika amekufa, sikuandika machozi, kitenzi kimoja tu kimegeuka, funika ikawa funua.

Mwanzo nilirudia mara tano ila kufika ya nne dada alishaanza kuruka mistari, nikakata zikabaki tatu. Na yule aliyesema hiyo inaitwa takriri, asante sana, ila mi naona takriri isiyogeuka mwishoni ni kanda iliyokwama tu.

Jana usiku nikamsomea tena dada. Hakucheka. Kakaa kimya weee, kisha akaniuliza, "Kwani yale matoke yalikuwa yashapoa?"