Tupeane uzoefu: Mwenzako wa zamu akichota, wewe unakaa upande gani? (Hoteli, loji na baa za Mwanza)

Mtu wa Kaunta
Wakuu, habari za mapumziko. Uzi huu ni wa sisi tunaofanya kazi hotelini, loji, gesti na baa, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, na wa Ukerewe karibuni. Mabosi wanaochelewesha mishahara wana nyuzi zao za kutosha. Humu tusimuliane yetu sisi kwa sisi: weita na mwenzake, mapokezi na usafi, jikoni na stoo.

Naanza. Nilipo, hesabu zinafungwa asubuhi, na shoti (hela iliyopungua) ikionekana inagawanywa kwa wote waliokuwa zamu. Tulikuwa na kijana mcheshi, wateja wanamuulizia kwa jina. Bili ikifika anawaambia lipa namba inasumbua, tuma huku, anawatajia namba yake mwenyewe. Mteja kishalewa, anatuma, anaondoka. Asubuhi tunakatwa sote, hata dada wa vyombo ambaye kaunta hagusi. Nilimwita pembeni nikamwambia arudishe la sivyo nasema. Akanijibu, "We ngosha, hela ya baba yako hii?" Nikasema. Akafukuzwa. Walioninunia kwa muda mrefu ni wale wale waliokuwa wakikatwa kwa ajili yake, na mpaka leo sijaelewa.

Dada wa Mapokezi
Kwangu mtihani mkubwa ni kitabu cha wageni. Anakuja mama saa tano usiku, anataja jina la mumewe, anauliza yuko rumu gani. Jibu langu ni moja: siwezi kusema yupo wala hayupo, andika ujumbe, kama ni mgeni wetu atapewa. Natukanwa, navumilia. Polisi wakija kwa utaratibu wao hilo ni jambo lingine.

Usiku mmoja mama wa namna hiyo alitoka kwangu hana kitu, akamkuta mlinzi getini. Mlinzi akapewa noti, akamwonyesha gari na mlango. Mlango ulipigwa mateke, mgeni akahama usiku ule ule, na lawama zote zikaja mapokezi kwa sababu mimi ndiye mwenye kitabu. Mlinzi alinyamaza kimya na tulikuwa tunakula naye sahani moja! Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 2023, lakini nani amewahi kumweleza mlinzi kwamba jina la mgeni si lake kuliuza?

Mzee wa Geti
Dada, mlinzi analipwa shilingi ngapi hapo kwenu? Siteti, nauliza tu.

Dada wa Mapokezi
Shikamoo mzee. Hata mimi silipwi ya maana.

Mpishi Nyegezi
Hamjafika jikoni nyie. Njooni muone cha juu.

Mnunuzi wetu alikuwa anakwenda soko la Mwaloni alfajiri kuchukua sato, sangara na dagaa. Risiti za kuandikwa kwa mkono, bei anaijua yeye na Mungu wake. Kila bei ikipanda sababu ni moja: "Shefu, mbalamwezi." Sasa mimi nimezaliwa kisiwani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wanapungua kweli, na hapo bei inapanda, sibishi. Lakini sato wa nyavu na mwezi wapi na wapi? Nikamwacha. Wiki ya giza totoro akaja tena na mbalamwezi yake, jikoni nzima ikacheka mpaka mayu (mama) wa usafi akakaa chini.

Sikwenda kwa meneja. Nilimwomba stoo tuwe tunakwenda wawili wawili kwa kupokezana, na samaki wapimwe kwenye mzani wetu wakifika, mbele ya wote. Cha juu kikakauka, naye bado yuko kazini. Mtu wa Kaunta, ningekuwa wewe ningeanzia hapo.

Mtu wa Kaunta
Mkuu, samaki wana mzani. Simu ya mtu ningeipima na nini?

Mwana CMA
Hapo kwenye shoti ya kugawana pana jambo hamlijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28: huwezi kukatwa kufidia hasara mpaka ukubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lako wewe, upewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi hasara yenyewe wala robo ya ujira wako. Dada wa vyombo kukatwa bia asizozigusa haipo kabisa. Na aliyefukuzwa anayeona kaonewa ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), zikipita anaanza kuombea muda. Wengi wanakuja wamechelewa, wameshazunguka kwa wajomba wote.

Wa Mashuka
Naandika kwa jina hili kwa sababu. Supavaiza wetu wa zamani zamu nzuri alikuwa haitoi bure. Msichana akianza kazi anaitwa stoo ya mashuka "kuhesabu". Hatukuwa na ushahidi wa kupeleka popote, tulichonacho ni macho. Tukapatana wenyewe: msichana mpya haingii stoo peke yake. Akiitwa, mmoja wetu anajikuta ana mito ya kurudisha dakika ile ile. Alichukia, akatupangia usiku mfululizo, tukazifanya. Baadaye binti mmoja akatunza meseji za huyo supavaiza, akazipeleka TAKUKURU. Rushwa ya ngono ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na namba 113 ni bure. Wanaume wa jikoni walijua miaka yote, mpishi, unisamehe.

Mpishi Nyegezi
Pole mdogo wangu. Hapo sina la kujitetea kwa niaba ya wapishi.

Weita Capri Point
Mimi langu ni dogo: bakshishi. Kwetu zote zinaingia kwenye boksi moja, jioni zinagawanywa mpaka kwa wa vyombo. Wapo wanaoficha soksini. Mtalii katoka Serengeti, kampa noti ya dola, mtu anaingia chooni anatoka mwepesi.

Mtu wa Kaunta
Lakini kampa yeye, kwa tabasamu lake. Kwa nini agawe?

Weita Capri Point
Tabasamu lake na ugali wa nani? Na shuka la nani? Hata hivyo boksi lina ubaya wake, funguo anayo meneja, na yeye pia yumo kwenye mgao.

Wa Mashuka
Kwetu tulimtoa meneja. Funguo anakaa nayo dada wa vyombo, na boksi linafunguliwa mezani watu wote wakiwepo.

Weita Capri Point
Mlimtoaje? Nieleze taratibu, maana kesho niko zamu naye.