Bustani ya michezo Lindi: mashua ya bembea au mandhari ya Tendaguru?

Mchinga_Moja
Wakuu, habari za jioni. Nina milioni 60 za kuanzisha bustani ya michezo hapa Lindi. Njia ya kwanza ni kununua mashua ya bembea ya viti 24, mtumba, muuzaji anasema ni kufunga tu na kuwasha. Njia ya pili ni bembea za kawaida na treni ndogo, halafu pesa inayobaki nijenge mandhari ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale waliochimbwa Tendaguru hapa Lindi: sanamu, njia ya kupita porini, taa za usiku. Kipi kinavuta watu? Mbia wangu anataka mashua. Ijumaa tunatakiwa kutoa jibu.

Fundi_Mitwero
Mkuu, umetaja pesa ukaacha yote ya maana. Umeme ni fezi moja au tatu? Kiwanja kiko mita ngapi kutoka baharini? Chako au cha kupanga? Mashua ina miaka mingapi? Bila hayo tunapiga ramli.

Binti_Mikindani
Mandhari, wala usijiulize. Space Mountain, treni ya michezo ya Walt Disney World kule Florida, ipo tangu 1975, na mwendo wake ni kama kilomita 45 kwa saa. Bodaboda wa Mtanda anaipita. Lakini inakimbia gizani, huoni reli inapopinda, mwili haupati nafasi ya kujiandaa. Kinachouzwa pale ni giza. Nyie Lindi mna hadithi ya bure: mifupa ya mjusi iliyochimbwa Tendaguru 1909 hadi 1913 ndiyo imesimamishwa Berlin, mita 13.27 kwenda juu. Mtoto wa Lindi anamwonea wapi?

Kusi_Mkali
Dada, watu wanalipia tumbo kupanda kifuani. Treni ya michezo ya Formula Rossa, Abu Dhabi, inafika kilomita 240 kwa saa, abiria wanavalishwa miwani. Nani anauliza imepakwa rangi gani? Piga hesabu: viti 24, dakika 3 za kubembea, dakika 3 za kushusha, kupakia na kufunga. Hiyo ni mizunguko 10 kwa saa, watu 240 ikijaa. Msimu wa korosho vijana wana hela mfukoni. Sanamu ya saruji inakata tiketi ngapi kwa saa?

Binti_Mikindani
Treni ya michezo ya Kingda Ka, New Jersey, ilikuwa na mita 139 kwenda juu, ikafunguliwa 2005. Mwaka 2025 wameiangusha kwa baruti. Msitu wa hadithi kwenye bustani ya michezo ya Efteling, Uholanzi, upo tangu 1952 na bado watu wanapanga foleni.

Kusi_Mkali
Na hao hao Efteling wakaleta Python mwaka 1981, reli inayokupindua kichwa chini. Kama hadithi zilitosha, ya nini?

Fundi_Mitwero
Mnabishana ya Uholanzi, mwenzenu ananunua chuma cha mtumba. Mashua ile haivutwi na mnyororo. Chini yake kuna tairi linalozungushwa na mota. Kila mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, unapopita juu ya tairi unasukumwa kidogo, mpaka mashua ipande. Tairi hilo hilo ndilo breki.

Kuna moja ilifungwa pwani, sitaji wapi. Tairi lilikuwa kipara. Mvua ikanyesha ghafla, mkuku ukalowa, tairi likawa linateleza. Mwendeshaji anabonyeza kitufe cha kusimamisha, mashua inaendelea kubembea mpaka ikachoka yenyewe. Watu wametapikiana, hakuna aliyeumia. Ila fundi alipopanda kukagua akakuta kubwa zaidi: ufa kwenye mshono wa weldingi wa mkono mmoja, karibu na ekseli, umezibwa kwa rangi mpya ya bluu. Kila bembea inavuta na kuachia pale pale, na chumvi inaingia penye upenyo. Chuma hakikatiki siku moja, kinachoka.

Kwa hiyo rangi mpya isikufurahishe. Kwangua mishono yote ya mikono na nguzo mpaka chuma kionekane, safisha mafuta, nyunyiza rangi nyekundu ya kupenya, subiri dakika 10 hadi 20, futa, kisha nyunyiza ile poda nyeupe. Ufa unajichora wenyewe, mstari mwekundu mwembamba kama unywele. Halafu funga kila chuma cha kuzuia abiria, kivute juu kwa nguvu. Kimoja kikiachia, ondoka.

Saruji_Rasbura
Na sanamu nayo ina mambo yake. Mchanga wa bahari usiuguse, chumvi inakula nondo, ndani ya miaka michache saruji inapasuka na kumwaga kutu. Mchanga wa mto, nondo zizame angalau sentimita 4. Wala usijenge yule wa mita 13, kusi likivuma utajuta. Yupo mdogo wa hapo hapo Tendaguru, Kentrosaurus, ana miiba mgongoni, kama mita 4 na nusu tu. Huyo unamjenga kwa ukubwa wake halisi.

Mchinga_Moja
Samahani kwa kuchelewa. Umeme ni fezi moja. Kiwanja nimepanga kwa miaka 3. Baharini ni kama mita 200.

Fundi_Mitwero
Hayo ndiyo ungeanza nayo! Mota ya mashua hiyo kwa kawaida ni kilowati 11 hadi 15, ya fezi tatu. Ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara 5 hadi 7 ya umeme wake wa kawaida, kwa hiyo jenereta liwe mara mbili au tatu ya mota. Dizeli umeihesabu kwenye hizo milioni 60? Na kwa mita 200, bolti za stenlesi za daraja la 304 zitaanza vidoa vya kutu, tafuta za daraja la 316.

Kusi_Mkali
Lakini mashua unaihamisha mkataba ukiisha. Saruji utamwachia mwenye kiwanja azawadiwe mjusi.

Saruji_Rasbura
Hapo umesema. Basi faiba, yaani mkeka wa nyuzi za kioo unaopakwa resini, vipande vinavyofungwa kwa bolti. Ila kwa joto letu kigandishi kisizidi asilimia 1 hivi ya resini. Ukimimina kwa mazoea inachemka na kupasuka kabla hujamaliza kupaka mkeka.

Binti_Mikindani
Mbona wote mijusi? Sura za mapiko, vile vinyago vya ngoma, kwenye geti, mchongaji wa Kimakonde anazitoa kwa mbao, unahama nazo.

Saruji_Rasbura
Mbao nje, na mchwa wa huku? Labda mpingo, na bei yake unaijua.

Mchinga_Moja
Fundi, nimemwomba muuzaji picha za pale kwenye ekseli. Anasema wameshapaka rangi nyingine jana.