"O hasi" kwenye kadi ya kliniki

Mjamzito wa Mbagala: Habari zenu, ndugu. Nina ujauzito wa wiki 11. Nilipoanza kliniki nilipimwa wingi wa damu, mkojo, kaswende, VVU na malaria, na majibu yote yalikuwa mazuri, isipokuwa muuguzi aliandika "O hasi" kwa kalamu nyekundu bila kunieleza. Je, huo ni ugonjwa?

Mkunga Mstaafu: Si ugonjwa, mwanangu. O ni kundi lako la damu, na "hasi" maana yake chembe zako nyekundu za damu hazina protini iitwayo D; aliye nayo huitwa chanya. Mtoto akirithi protini hiyo kwa baba yake, na damu yake ikaingia kwenye yako, hasa wakati wa kujifungua, mwili wako unaweza kutengeneza kingamwili ambazo katika mimba inayofuata zitashambulia damu ya mtoto. Kwa hiyo mumeo apimwe kundi la damu, nawe uombe kipimo cha kingamwili hizo. Sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako usitengeneze kingamwili hizo, hutolewa wiki ya 28, kisha ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni chanya.

Baba Watatu, Temeke: Mke wangu pia ni hasi. Ulizieni sindano hiyo mapema, kwa kuwa si kila kituo huwa nayo, na bei yake isije ikawashtua.

Mjamzito wa Mbagala: Shikamoo mama, nashukuru. Nikitokwa na damu kabla ya wiki ya 28, nifanyeje?

Mkunga Mstaafu: Marahaba. Usingoje tarehe ya kliniki; nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaonyeshe kadi.