Maombi ya shule binafsi ya maandalizi ya chuo kikuu (darasa la 9): tuanzie wapi, na mambo hukwama wapi?

MamaZuu

Habari zenu wakuu. Binti yetu yuko darasa la 8 katika shule ya umma hapa Marekani, na tunataka aombe shule binafsi za maandalizi ya chuo kikuu ili mwakani aingie darasa la 9. Tumeorodhesha shule sita, nne za bweni na mbili za kutwa. Kila tukifungua tovuti tunakutana na SSAT, ISEE, SAO, Gateway, PFS, mpaka tumechanganyikiwa. Naomba kueleweshwa nini kianze, nini kinaweza kusubiri, na maombi ya watu hukwama wapi. Bila msaada wa ada hatutaweza, kwa hiyo hilo nalo msiliache. Sasa ni Septemba.

DiraYaShule

Mama Zuu, Septemba hamjachelewa hata kidogo. Shule nyingi za bweni hufunga maombi Januari 15, hutoa majibu Machi 10, na familia hutakiwa kujibu kufikia Aprili 10. Za kutwa zina kalenda zao, na baadhi hufunga mapema zaidi. Chukueni karatasi moja, muandike tarehe za kila shule: ya fomu, ya usaili, ya mtihani wa mwisho unaokubalika, na ya msaada wa ada. Hii ya mwisho ndiyo watu huisahau, na mara nyingine haifanani na ile ya fomu.

Kujaza fomu yenyewe ni kazi ya jioni mbili tatu. Maombi hukwama kwenye vitu vinavyotoka mikononi mwa watu wengine: walimu, ofisi ya shule anayosoma sasa, na nyaraka za kodi. Anzeni na hivyo.

Karibu kila shule itataka tathmini ya mwalimu wa Kiingereza, ya mwalimu wa hesabu, na ya mkuu wa shule au mshauri wa wanafunzi. Mwalimu hutumiwa kiungo kwa barua pepe, anajaza na kuituma moja kwa moja, ninyi hamuioni. SAO na Gateway to Prep Schools ni mifumo ya mtandaoni ya kutuma maombi kwa shule kadhaa, na kila mmoja humruhusu mwalimu kujaza mara moja tu, na tathmini ileile ikaenda kwenye shule zote mlizochagua ndani ya mfumo huo. Ila shule zenu sita zikigawanyika, tatu huku na tatu kule, mwalimu atajaza mara mbili. Mwambieni mapema na mpeni orodha kamili kwa mkupuo mmoja. Mwalimu anayeletewa ombi jipya kila wiki huchoka, na uchovu wake huonekana kwenye anachoandika.

Wakati mzuri wa kumwomba ni mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Septemba mwalimu bado hajamfahamu mtoto, na Desemba amezongwa na kusahihisha. Nakala rasmi ya matokeo huombwa shuleni kwa fomu ya kibali inayosainiwa na mzazi. Shule za umma hufungwa wakati wa Krismasi hadi mwaka mpya, na ofisi ikifunguliwa Januari zimebaki siku chache tu kufika tarehe 15. Kibali kiwe kimesainiwa kabla ya Thanksgiving (sikukuu ya mwishoni mwa Novemba).

Jina nalo ni tatizo kubwa kwa watu wetu. Mtoto ana majina matatu, ya kwake, la baba na la babu. Shuleni amesajiliwa kwa mawili, kwenye mtihani mzazi akaandika yote matatu, kwenye fomu akageuza mpangilio. Alama zikifika haziungani na fomu, faili linasomeka kuwa halijakamilika. Chagueni mpangilio mmoja, ule wa pasipoti au cheti cha kuzaliwa, muutumie kila mahali. Tarehe ya kuzaliwa pia: hapa mwezi hutangulia siku, kwa hiyo 05/08 ni Mei 8, si Agosti 5.

Pembetatu

Naongezea upande wa mitihani ya kuingia shule binafsi, yaani SSAT na ISEE. Kwanza angalieni kama shule zenu zinaulazimisha. Tangu 2020 nyingi zimeufanya kuwa hiari, na nyingine zinapokea SSAT au ISEE bila upendeleo. Msimlipie mitihani miwili kabla ya kujua.

Akiwa darasa la 8 anayeomba la 9, atafanya SSAT ya ngazi ya juu. Kila moja ya sehemu tatu zinazopewa alama (msamiati, hesabu, ufahamu) inakwenda 500 hadi 800, hivyo jumla ni 1500 hadi 2400. Kuna pia kipande cha kuandika ambacho hakipewi alama lakini shule hukipata na hukisoma. Hulinganishwa na insha za kwenye fomu, na insha iliyoandikwa na mtu mzima nyumbani hujulikana hapo hapo.

Wazazi wengi hushtushwa na namba ya nafasi kwa asilimia. Asilimia 55 haina maana kwamba amepata majibu 55 kati ya 100. Ina maana amewashinda asilimia 55 ya watoto wa darasa lake walioufanya mtihani huo, na hao karibu wote ni watoto wanaoomba shule za aina hii. Mtoto anayeongoza shuleni kwao anaweza kukuta 60 na akawa hajaharibu lolote.

ISEE hutoa alama za kipimo 760 hadi 940, na nafasi ya 1 hadi 9 (9 ndiyo ya juu). Haikati alama kwa jibu la kosa, kwa hiyo hakuna swali la kuachwa wazi. SSAT kwa miaka mingi imekuwa ikikata robo alama kwa kila kosa, na mtoto aliyezoea kubahatisha hupoteza hapo. Someni kanuni za msimu wenu kabla hajaanza mazoezi, kwa sababu mbinu ya mtihani mmoja humwangusha kwenye mwingine. ISEE pia ina misimu mitatu kwa mwaka (Agosti–Novemba, Desemba–Machi, Aprili–Julai) na inaruhusiwa mara moja tu kwa kila msimu. Akifanya wa kwanza Novemba na wa pili Desemba, amepata nafasi mbili kabla ya Januari 15. Akisubiri wa kwanza Desemba, anabaki na mmoja.

Kama ataufanyia nyumbani, msitumie kompyuta aliyopewa na shule. Nyingi zimefungwa zisipokee programu mpya, na hilo hugundulika asubuhi ya mtihani. Jaribuni kompyuta wiki moja kabla. Mazoezi yenyewe, wiki nane hadi kumi zinatosha, na yawe mtihani mzima kwa saa, kwa sababu wengi huishiwa muda, si ujuzi. Msamiati ndio hauharakishwi: maneno kumi kwa siku kuanzia leo ni bora kuliko mia mbili mwezi wa mwisho.

MamaZuu

Asanteni sana, nimeshaanza kuchora karatasi ya tarehe. Kuhusu ada: baba yake anaendesha lori kwa kampuni yake mwenyewe, na kila mwezi tunatuma pesa nyumbani kwa wazee. Haya yanaingiaje kwenye fomu? Na je, kuomba msaada kunaweza kumnyima mtoto nafasi?

KaratasiZaKodi

Dada, nijibu la mwisho kwanza. Inategemea shule. Phillips Exeter, kwa mfano, ilitangaza 2021 kwamba uwezo wa familia hautazamwi katika uamuzi wa udahili, na Phillips Andover ilitangulia zaidi ya miaka kumi nyuma. Shule nyingi hazina fungu la kuweza hivyo, kwa hiyo hitaji lako linaweza kuingia kwenye mizani. Hata hivyo ombeni sasa. Mtoto akiingia bila ombi la msaada, shule nyingi zitawasubirisha mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuwasikiliza.

Fomu ya msaada hujazwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa SSS (fomu yao ndiyo inaitwa PFS) au wa Clarity, kutegemea shule inatumia upi. Familia hujaza fomu moja kwa watoto wote. Namba inayotoka ni makadirio ya mchango wenu tu, shule ndiyo huamua. Msaada huu ni ruzuku, haurudishwi, lakini huombwa upya kila mwaka.

Sasa lori. Anayejiajiri ataleta fomu ya kodi 1040 pamoja na Schedule C (ya mapato na gharama za biashara), au za kampuni kama imesajiliwa kivyake. Wahasibu huandika uchakavu wa gari kama gharama, na hivyo faida kwenye kodi huonekana ndogo. Kwenye hesabu ya msaada, uchakavu huo kwa kawaida hurudishwa ndani ya kipato kwa kuwa hakuna pesa iliyotoka mfukoni mwaka huo. Familia inayodhani ina kipato cha dola 40,000 inajikuta imehesabiwa kwa kikubwa zaidi. Msiufiche, ila elezeni: mkopo wa lori ni kiasi gani kwa mwezi, matengenezo, bima. Hizo ni pesa zinazotoka kweli.

Pesa za wazee hazitaingia zenyewe. Ziandikeni kwenye sehemu ya maelezo kwa jumla ya mwaka na muambatanishe risiti za kutuma. Kiasi bila risiti hakina uzito.

Wazazi waliotengana (nawasemea na wengine wanaosoma hapa): shule hutaka kila mmoja ajaze yake, hata kama talaka ilisema mmoja ndiye mlipaji. Kama mzazi mwingine hapatikani, ombeni kwa barua fomu yake isamehewe, mwezi Oktoba, si Januari.

Nahodha7

Wakuu, samahani kuingilia. Na mtoto aliye nje ya Marekani je? Mpwa wangu yuko nje na tunafikiria aombe shule hizi hizi za Marekani.

DiraYaShule

Hatua ni zilezile, na huongezeka mtihani wa Kiingereza (TOEFL au Duolingo English Test) na mara nyingine usaili uliorekodiwa kwa mtandao. Matokeo yasiyo ya Kiingereza yatafsiriwe rasmi.

Akikubaliwa na mkalipa malipo ya awali, shule hutoa fomu I-20 (hati inayohitajika kwa viza ya mwanafunzi) baada ya kuona uthibitisho wa pesa za mwaka mzima. Hapo ndipo mnalipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), dola 350, kisha fomu ya maombi ya viza DS-160 na usaili wa viza ya mwanafunzi, F-1. I-20 ya aliye chini ya miaka 18 husainiwa na mzazi pia, na asiingie nchini zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza. Hakikisheni shule ina kibali cha SEVP (cha serikali, cha kupokea wanafunzi wa kigeni), isiyo nacho haiwezi kutoa I-20. Na msimpeleke shule ya umma kwa viza hiyo mkidhani ni njia ya mkato: sheria inampa miezi 12 tu katika sekondari ya umma, tena kwa gharama kamili. Shule binafsi hazina kikomo hicho.

KaratasiZaKodi

Mama Zuu, nimesahau mkataba. Machi 10 ikifika na mkafurahi, usomeni wote kabla ya kusaini. Mikataba mingi ina tarehe, mara nyingi kati ya Mei na Julai, ambayo ikipita mnadaiwa ada ya mwaka mzima hata mtoto asipokwenda. Barua ya msaada iwe mkononi kwanza. Kama ya shule mnayoipenda bado haijafika, pigeni simu mwombe siku za nyongeza kwa maandishi, msisaini kwa matumaini.