Mbwa kang'ata mtoto Makorora, mwenyewe kamficha Muheza!! Hivi hii ni akili?

Wakuu habari za saa hizi, mi hapa damu inachemka tu.

Kuna jirani yetu huku Makorora ana mbwa hafungwi, geti wazi mchana kutwa. Juzi kamng'ata mtoto wa dada angu shavu la mguu, anatoka madrasa na juzuu yake mkononi. Tukamuosha kidonda na sabuni ya mche chini ya bomba robo saa nzima, mtoto anapiga mayowe na bibi mmoja pembeni anang'ang'ania tupake kitunguu swaumu (bibi tafadhali!).

Hospitali wakaanza sindano za kichaa cha mbwa, wakasema huyo mbwa msimuue wala asiachiwe, afungwe aangaliwe siku 10. Akizimaliza mzima, anakula anakunywa, basi siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na virusi, maana vikishafika kwenye mate mbwa hachukui muda anaumwa anakufa, na hapo daktari anaweza hata kusimamisha sindano zilizobaki. Yaani kinachotakiwa ni kamba na bakuli la maji tu jamani, hatujamdai hata mia!

Kumfuata jirani, eti "mbwa wangu ana chanjo". Kadi iko wapi? Hana. Kachanjwa lini? "Kitambo". Kitambo ndo mwaka gani wewe?? Na hata angekuwa nayo bado angefungwa aangaliwe. Tukamuita mjumbe, kaja kanywa chai kasema malizaneni kijirani. Kulivyokucha mbwa hayupo, kapakiwa kwenye kirikuu kapelekwa shamba Muheza.

Sasa huko nani anamuangalia? Akianza kutoa udenda akang'ata watoto wa watu huko nani atajua katokea wapi? Na nyie vijana mliokuja na marungu mnataka kumponda kichwa nanyi hamna msaada, akifa ubongo ndo unapimwa maabara, mkishausaga mnapima nini?

Huu ugonjwa dalili zikishatoka kwa mtu ndo basi tena, karibu wote wanakufa, kwahiyo mtoto anamalizia sindano zote, kila akiona koti jeupe anajificha nyuma ya mama ake.

Wanaojua sheria, PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi) tunayo, polisi wanaweza kumlazimisha amrudishe huyo mbwa au ntaambiwa tena mkamalizane? Na wewe jirani najua humu unapitaga kimyakimya, mlete mbwa.